Sauti Iliyokwama kwenye Tableti

Mwaka ule mpunga ulikubali kijijini Kakese. Asubuhi moja Scolastica alikuwa uani akipepeta, makapi yakipeperukia kwa jirani yake Prisila, naye Prisila akilalamika kwa utani kwamba uwanja wake umegeuzwa jalala. Jua lilikuwa la kawaida, kuku walikuwa wa kawaida. Ungepita njiani ungesema mama huyu hana neno.

Neno alikuwa nalo. Mwanawe wa pekee, Gaudensi, alifunikwa na shimo la dhahabu huko machimboni, mvua za kwanza zilipolegeza udongo. Wenzake walifukua mpaka wakakata tamaa. Mwili haukutoka. Matanga yakakaliwa bila kaburi. Watu wakala, wakalia, wakarudi kwao. Scolastica akabaki na nyumba ya vyumba viwili na kiti cha mwanawe ambacho hakuna aliyekikalia. Walimwambia atazoea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: waliosema hivyo walikuwa wanarudi kwenye nyumba zenye watoto.

Gaudensi alikuwa ameacha tableti. Aliinunua imeshatumika, akamwachia mama yake awe anaangalia kwaya na maigizo. Laini aliondoka nayo mwenyewe. Tangu msiba Scolastica aliichaji kila siku kwa sola na kuiweka juu ya kile kiti. Ilikuwa nzito ajabu. Ukigusa kitu, unaweza kwenda kisimani ukarudi ndipo kifunguke.

Kisha jioni moja, kuku wakiingia bandani, tableti ikamwita.

"Mama."

Kimya.

"Mama."

Kimya.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Gaudensi, ya mtu anayeanza kusema jambo.

Kwa akina Scolastica mtoto hufundishwa hivi kabla hajajua hata kufunga mlango: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Ngoja. Binadamu ataita tena, na tena. Kisicho binadamu huita mara moja tu, kisha hungoja. Kinangoja sauti yako. Ukiitika umekipa, na wenye kazi zao za giza hawahitaji kingine. Gaudensi mwenyewe, alipokuwa akirudi magharibi, hakuita chini ya mara tatu tangu getini. Ndiyo adabu ya nyumba ile.

Basi Scolastica aliposikia ya tatu, moyo ulimtulia. Huyu ni mtu. Huyu ni wake.

"Abee, mwanangu."

Tableti ikanyamaza. Kutoka ndani yake, mbali sana, ikasikika sururu ikigonga jiwe. Halafu basi.

Ikawa hivyo kila jioni. Aliitwa mara tatu, akaitika, akaisikiliza sururu mpaka ikakoma. Hakumwambia mtu. Alijisemea mwanawe yuko hai mahali fulani, amepata njia ya kumfikia. Alifurahi, na furaha ile ilimfanya aanze kupika chakula cha kushiba. Kilichomuumiza ni kwamba Gaudensi hakuwahi kuvuka lile neno moja. Alitaka kusema kitu, na chombo kilikuwa kinamkwamisha.

"Mama Gaudensi, sauti umeipeleka wapi?" Prisila alimuuliza siku moja kisimani. "Mbona unaongea kama unanong'ona?"

"Vumbi la mpunga."

Lakini mpunga ulikuwa umeshaingia ghalani.

Akapanda bodaboda mpaka mjini, mtaa wa Majengo, kwa fundi Danford mwenye kibanda cha simu. Danford aliiwasha tableti, akasubiri, akasonya.

"Mama yangu, hii imejaa mpaka shingoni. Ndiyo maana inaganda. Tena ukishaigusa inarudiarudia yenyewe. Cheki hapa." Akagusa herufi moja. Kimya. Ikatokea herufi hiyo. Ikatokea tena. Ikatokea tena. "Umeona? Mimi nimegusa moja tu."

Scolastica aliona, ila mawazo yake yalikuwa kwingine. "Safisha, baba. Ila sauti za mwanangu usifute."

Danford akapekua. Akapekua tena, polepole.

"Humu hamna sauti ya mtu, mama. Kuna kwaya, maigizo, na programu za ajabuajabu. Halafu haina laini. Intaneti haina."

"Mwanangu ananiita humo."

Danford alimtazama, kisha akaitazama tableti. Alikuwa kijana mwenye heshima, hakuuliza. Akafuta maigizo, akaziondoa zile programu, akasafisha kila kona, akaizima na kuiwasha upya. Ikawa nyepesi mpaka Scolastica akacheka. Njia nzima ya kurudi aliikumbatia kifuani. Leo angesikia maneno yaliyobaki.

Jioni aliketi mbele ya kiti. Kuku wakaingia bandani.

"Mama."

Safi. Karibu. Kama yuko pale pale kitini.

Scolastica alifungua mdomo, na mafunzo ya utotoni yakaufunga. Akangoja ya pili.

Akangoja.

Ya pili haikuja. Ilikuja pumzi. Mtu aliyekaa kimya anasikika, na kile kitini kilikuwa kimekaa kimya, kinasikiliza kama ataitika. Ndipo kidole cha Danford kikamrudia kichwani. Aligusa moja. Zikatokea tatu.

Siku zote zile alikuwa ameitwa mara moja tu. Nyingine zilikuwa za tableti iliyojaa. Na yeye siku zote aliitika.

Alijiziba mdomo kwa khanga mpaka pumzi ile ikakoma. Kisha akakimbilia kwa Prisila, akamweleza yote wakiwa wamechuchumaa jikoni.

Prisila alitazama mlango kwanza. "Itupe chooni," akanong'ona. "Usiitike tena, dada. Huyo siye."

"Na kama ndiye?"

Prisila alichochea moto.

Scolastica hakuitupa, ila hakuitika. Jioni baada ya jioni iliita mara moja, naye akauma khanga. Koo lilianza kupona, sauti ikarudi nzito kama zamani. Lakini arudishiwe sauti ya kuongea na nani? Alikuwa salama, na usalama wenyewe ulikuwa sufuria ndogo, sahani moja, na mlango usiobishwa. Wakati huohuo ile sauti kitini ilikuwa inapungua. Kila jioni ilitoka mbali zaidi, kama mtu anayeondoka huku anageuka nyuma.

Jioni moja haikuita kabisa.

Scolastica alilia siku hiyo kuliko alivyolia matangani. Safari hii Gaudensi hakuwa amefunikwa na udongo. Mama yake ndiye aliyemnyamazia.

Asubuhi alikuwa tena Majengo.

"Irudishe ilivyokuwa," alimwambia Danford.

"Ilivyokuwaje?"

"Nzito."

Danford alidhani ni utani. "Mama, watu wanakuja hapa ziwe fasta, wewe unataka ya kukwama?"

"Nataka irudierudie kama ulivyonionyesha."

"Hiyo haihitaji ufundi. Ijaze tu. Piga mapicha, piga mavideo, itaganda yenyewe." Alisema akicheka. Baadaye alitamani angeumwa jino siku ile, asiongee na mtu.

Scolastica akaanza kupiga picha. Alipiga kiti. Alipiga mlango, chungu, kitanda, ukuta wa tofali, kiti tena. Watu wengine hupiga picha za wajukuu na za harusi. Yeye nyumba yake haikuwa na sura ya kupigwa, wala mtu wa kumpiga yeye. Akaiacha video ikirekodi kiti kitupu mpaka chaji ikaisha, akachaji, akarudia. Polepole tableti ikaanza kuelemewa. Ukigusa, ilifikiri kwanza. Kisha ikaanza kurudiarudia.

Mtu asikudanganye kwamba hakujua anachofanya. Alijua vizuri. Wito ulikuwa ni ule mmoja, na mara mbili zilizobaki alikuwa anazitengeneza yeye. Alichotaka ni ruhusa tu ya kuitika bila kuvunja alichofundishwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Jioni moja Prisila alikuwa anaanua nguo. Wito hakuusikia. Alichosikia ni Scolastica, kwa sauti kubwa yenye furaha, iliyovuka ua:

"Abee, mwanangu! Nakuja!"

Prisila aliganda na nguo mkononi. Alingoja asikie kitu kingine. Mlango haukulia. Hatua hazikusikika. Taa haikuwashwa. Alitaka kwenda, hakwenda, na hilo linamsumbua mpaka leo.

Kulipokucha Scolastica hakutoka kwenda kisimani. Prisila alibisha, akaita mara tatu, akaita zaidi ya hapo. Akawaita vijana. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, ikabidi mlango uvunjwe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Ndala zilikuwa kando ya kiti. Juu ya kiti ilikuwepo tableti, na ilikuwa ya moto, haishikiki.

Mama mwenyewe hakuwepo. Walimtafuta mashambani, wakamtafuta mtoni, wakatoa taarifa polisi. Nyumba ile haikuwa na dirisha la kupita mtu mzima.

Prisila ndiye aliyeipeleka tableti Majengo, imefungwa kwenye kitambaa. Danford alipoambiwa yaliyotokea alikaa chini. Kisha akaiwasha, maana wote wawili walitaka kujua kama aliacha chochote. Ilikuwa imejaa pomoni. Kila picha ilichukua muda wake.

Kiti. Mlango. Chungu. Kiti. Kiti. Kiti.

"Hii ndiyo ya mwisho," Danford alisema.

Ilikwama. Ikaanza kufunguka kipande kwa kipande kutoka juu. Prisila alisogea aone vizuri. Alitegemea bati na boriti za nyumba ya jirani yake. Havikuwepo. Juu palikuwa peusi, pana mng'ao wa maji. Ikashuka. Ulikuwa mwamba. Ikashuka. Chini ya mwamba yalisimama magogo, yale wanayoegemeza wachimbaji shimo lisifunge.

"Zima," Prisila alinong'ona.

Danford alibonyeza. Tableti haikusikia. Ikaendelea kushuka taratibu, mpaka ikaonyesha kitambaa cha kichwa, kisha paji la uso, kisha Scolastica mzima, ameketi juu ya jiwe, peku, khanga ya nyumbani mabegani. Alikuwa anamtazama aliyekuwa amesimama mbele yake anampiga picha, na alikuwa anacheka.