Notisi ya Chumba Namba Tisa

Nilikuwepo mwenyewe, asinibishie mtu. Rafiki yangu Funguo, msimamizi wa nyumba za kupanga, alikwenda kufungua chumba namba tisa, kitupu tangu mwezi uliopita. Ukumbini giza totoro. Ufunguo ukazunguka, mlango ukagoma: komeo limefungwa kwa ndani, na chumba hakina hata dirisha.

Mwenye nyumba akafoka kwenye simu: "Usipoingia saa hii, kazi huna!"

"Labda aliyemo ndani anadai notisi ya siku moja kabla hatujaingia, bosi, kama sheria inavyotaka," Funguo akatania.

Akaiandika kwa mwanga wa simu, akaisukuma chini ya mlango. Ndani mtu akakohoa. Karatasi ikarudi taratibu, ikikwaruza sakafu, imetiwa sahihi.

Maskini Funguo! Aingie, avunje sheria. Asiingie, kazi ndiyo hiyo imekwenda.

Haya, kikohozi nimekitia mimi kwenye hadithi. Ndani kulikuwa kimya kabisa, na wino wa ile sahihi ulikuwa haujakauka.