Homa Moja, Miili Miwili

Mwaka ule mafua makali yaliingia Katumba msimu wa kuchuma tumbaku. Athanasie na mume wake, Pontien, waliugua siku ile ile. Miili ilichemka, viungo viliuma, hamu ya kula ikapotea.

Athanasie alipata nafuu mapema. Hakuwa amepona vizuri, lakini nani angechota maji? Nani angepeleka tumbaku kwenye bani la kukaushia? Aliamka hivyo hivyo. Pontien alibaki kitandani, akikohoa na kuhema upesi.

Mama mkwe wa Athanasie, Épiphanie, alimtazama kwa jicho baya.

"Mmekula sufuria moja, mmelala kitanda kimoja," alisema. "Mbona wewe umesimama na mwanangu anakwisha? Umempa nini?"

Athanasie alichukua ndoo akatoka. Alikuwa amechoka, hata kulia hakuweza. Majirani nao walianza kumkwepa kisimani.

Asubuhi moja Athanasie alimkuta Pontien akivuta pumzi kwa shida.

"Mama," alimwambia mkwewe, "nichukieni baadaye. Sasa nisaidieni tumpeleke zahanati."

Walimpakia kwenye baiskeli. Mmoja alisukuma, mwingine alimshika mgongo.

Nesi Generosa alimpima kifua. "Ana nimonia," alisema. "Mafua yalimdhoofisha, nimonia ikapata njia. Mngekawia, mngempoteza." Akamchoma sindano.

"Lakini huyu na mwanangu waliugua pamoja," Épiphanie alisema. "Mbona yeye yuko wima?"

"Mama, mafua huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno. Mwili una kinga ya kupigana navyo. Mara nyingi kinga ya mwanamke huwahi kuliko ya mwanaume. Ndivyo miili yetu ilivyo. Si kwa kila mtu. Wapo wanawake wanaozidiwa, hasa wajawazito. Yeyote akihema upesi au kifua kikimbana, mleteni haraka. Msikae kutafuta mchawi."

"Na mimi?" Athanasie aliuliza taratibu. "Bado nasikia baridi."

"Wewe hujapona, dada. Umesimama tu. Kapumzike, unywe maji ya kutosha."

Baada ya siku kadhaa Pontien alirudi nyumbani amekonda, lakini akipumua vizuri. Épiphanie alipita kwa majirani, nyumba kwa nyumba.

"Nilimsingizia mkwe wangu," aliwaambia. "Ni virusi. Na mtu akihema vibaya, nyie msikae naye nyumbani kama nilivyokaa mimi."

Kisha akaenda kuchuma tumbaku peke yake. Athanasie alilala mpaka jua likazama, na hakuna aliyemwamsha.