Wimbo Ulioibwa Mara Mbili

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake na kuzianika, Masikio alivuka mitaa mitatu kwenda kwa shangazi yake kufanya kazi. Tuseme ukweli, hakuna aliyemlazimisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba, mwaka uliopita, alipokuwa na miaka kumi na miwili na nguvu za kugawa bure. Jina la Masikio alipewa na shangazi kwa sababu hedifoni za kusikilizia hazikumtoka kichwani, na siku hizi hata mama yake mzazi alimwita hivyo hivyo.

Shangazi alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Mchana kutwa alisimama mbele ya mvuke akinyoosha mashuka ya watu asiowajua, na jioni alitengeneza podikasti, yaani kipindi cha kusikiliza kwenye simu, kilichoitwa Nyuma ya Wimbo. Kipindi hicho hakikuwa na ofisi wala bosi. Kilikuwa na chumba kimoja alicholala shangazi, blanketi lililotundikwa dirishani kuzuia kelele, kinasa sauti, kompyuta kuukuu na wao wawili. Kila Ijumaa walitoa simulizi mpya ya watu wa sanaa wa jiji lao: wapiga vinanda, wachora mabango, washona mavazi ya jukwaani, waimbaji wa zamani waliosahaulika hata na majirani zao. Ijumaa sitini na moja mfululizo hawakukosa hata moja. Shangazi alijivunia sana jambo hilo, nalo lilikuwa limemchosha hadi kwenye mifupa.

Masikio naye alikuwa amechoka. Shangazi aliuliza maswali. Yeye aliendesha mashine, na baadaye akakata vikohozi, marudio na milango iliyobamizwa. Hapo bado shule, bado mitihani ya majaribio. Kuna asubuhi aliamka na uchovu mkubwa kuliko ule aliolala nao. Lakini ukimwona shangazi yako anarudi na miguu iliyovimba na bado anauliza, "Haya, tuko tayari?", utaanzia wapi kulalamika wewe mwenye miguu mizima?

Wiki hiyo mgeni alikuwa Mzee Nyuzi, fundi wa redio, ambaye zamani alipiga gitaa katika bendi iliyotikisa jiji. Wimbo wake mmoja ulijulikana na kila mtu. Hata watoto waliozaliwa juzi waliuimba wakiruka kamba.

Aliyekingoja kipindi hicho kuliko wote alikuwa mlinzi wa lango la shule ya Masikio, mzee aliyeitwa Babu Kishindo. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ile ile.

"Shikamoo, babu," Masikio alimwamkia Ijumaa asubuhi.

"Marahaba, mke wangu mdogo. Kesho mnakwenda kwa Nyuzi, sivyo?"

"Ndiyo, babu."

"Kuna neno ameahidi kulisema. Kanipigia simu mwenyewe. Miaka arobaini ninalingoja neno hilo, basi wiki moja si kitu. Usiniulize ni lipi, nitakuharibia uhondo."

Hakuwa ameficha furaha yake. Alikwisha kuwaambia walimu, mpishi wa shule na hata mtu wa kuleta maji kwamba Ijumaa inayofuata wote wasikilize.

Karakana ya Mzee Nyuzi ilikuwa chumba chembamba kilichojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nusu saa ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mzee alisimulia jinsi walivyokusanyana, jinsi walivyofanya mazoezi katika stoo ya magunia, jinsi walivyokuwa wakigombania jozi moja ya viatu vya kupandia jukwaani. Ndipo shangazi akauliza, "Na ule wimbo wenyewe, mzee, ulitungwaje?"

Kabla mzee hajafungua kinywa, fundi wa kuchomelea jirani aliwasha mashine ya kukata vyuma. Ikalia kama inachinjwa. Shangazi alimpungia Masikio mkono asimamishe. Wakangoja dakika tano, kumi. Masikio aliegemea ukuta na macho yakaanza kumsaliti. Kelele zilipokatika, alinyoosha kidole akabonyeza kitufe, kisha akaendelea kuegemea.

Kinasa sauti kile kilikuwa na hila yake. Ukikibonyeza mara moja, taa nyekundu inapepesa: kinasikiliza tu. Mpaka ukibonyeza mara ya pili, taa ikatulia, ndipo kinanasa. Na katika hedifoni sauti husikika vile vile, iwe kinanasa au hakinasi. Masikio aliijua hila hiyo vizuri kuliko shangazi. Siku hiyo alibonyeza mara moja, na sauti ya mzee, iliyokuwa imeshuka chini kabisa, ikambembeleza akasinzia. Alipozinduka alimwona shangazi akijifuta macho. Alidhani ni moshi wa risasi ya kulehemu nyaya.

Jumatano jioni, kama kila wiki, alikwenda kwa shangazi akaketi mbele ya kompyuta. Akafika kwenye swali la wimbo. Akasikia mashine ya vyuma ikianza kulia. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Akarudisha nyuma, akapeleka mbele, akachomoa na kuchomeka upya. Nusu ya pili yote haikuwepo.

Shangazi alikuwa ameketi kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Hotelini walikuwa wamempa zamu mbili kwa siku, kwa kuwa mwenzake aliugua.

"Shangazi..."

"Mmh."

"Kipindi hiki... unataka kukisikiliza kwanza?"

"Mwanangu, hata jina langu nikiitwa sasa hivi siitiki. Kata, panga, Ijumaa kipandishe. Nakuamini."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomfunga mdomo. Angemwambiaje? Ijumaa sitini na moja, na ya sitini na mbili ikaharibiwe na yeye, kwa kusinzia!

Akakumbuka kwamba wiki tatu nyuma shangazi alikwenda kuzungumza na Mzee Nyuzi katika karakana ile ile, na mazungumzo yale yalinaswa ili wapate kumbukumbu. Akayatafuta. Humo mzee alikuwa akieleza wimbo mwingine kabisa, alioutunga kwa ajili ya harusi ya dada yake: "Huo niliutunga mwenyewe, peke yangu. Hakuna aliyenisaidia hata neno moja." Masikio alijua fika kwamba jibu lile si la swali hili. Lakini akajiuliza, kuna ubaya gani? Jiji zima linajua ule wimbo maarufu ni wa Mzee Nyuzi. Akalikata jibu, akalibandika chini ya swali la shangazi, akalainisha kiungo cha sauti hizo mbili mpaka hata yeye mwenyewe hakukisikia. Ilikuwa kazi safi, na ndiyo iliyokuwa hatari yake. Ijumaa akakipandisha.

Jumatatu asubuhi Babu Kishindo alikuwa langoni, lakini hakutania. "Marahaba," alisema tu, bila kumtazama. Mwalimu mmoja aliyekuwa akiingia akacheka, "Babu, tumesikiliza! Mwenzako anasema hakuna aliyemsaidia hata neno. Lile jambo lako kubwa liko wapi?"

"Labda nilisikia vibaya kwenye simu, mwalimu," mzee alijibu. "Uzee huu."

Alisema polepole, kama mtu anayeshusha mzigo mahali pasipo pake. Masikio aliona aibu iliyomfika mzee yule mbele ya mtu wa umri wa mwanawe. Siku hiyo hakuelewa somo hata moja.

Alipofika kwa shangazi jioni, alimkuta Mzee Nyuzi amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kwa miguu na alihema.

"Niambie nilikukosea nini," alikuwa akimwambia shangazi. "Mimi nimekaa pale nikalia mbele yako. Nikasema wimbo ule si wangu, ni wa Kishindo. Kwamba niliandikisha jina langu yeye akiwa mgonjwa, nikanyamaza miaka arobaini. Nimelisema hatimaye. Ninyi mkalitupa, mkaweka nimesema kinyume chake! Niliiba mara moja. Mmenifanya niibe mara ya pili."

Shangazi alisimama na nguo yake ya kazi mkononi, asijue pa kuiweka. "Mzee wangu, mimi sielewi. Kipindi kilikuwa..."

"Ni mimi," Masikio alisema.

Wote wawili wakageuka. Alisema yote: kitufe, usingizi, harusi ya dada, kiungo kilicholainishwa. Alisema haraka kwa kuogopa asije akaishia njiani, na alipomaliza alikuwa akilia.

Shangazi hakumpigia kelele. Afadhali angempigia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akavuta kompyuta na kukiondoa kipindi kile. "Na mimi nina langu," alimwambia mzee. "Kipindi kina sauti yangu na sikukisikiliza. Nisamehe. Je, utaweza kuyasema tena maneno yale?"

Mzee Nyuzi alijishika kiuno. "Yale maneno yalinitoa jasho la miaka arobaini, mama. Unadhani yanatoka tu kama maji bombani? Lakini nikiyasema tena, siyasemi kwa mashine kwanza. Nayasema kwake."

Jumanne, wanafunzi walipokwisha kutawanyika, watatu hao walisimama langoni. Babu Kishindo aliwaona, akaanza kufunga lango. Masikio akatangulia.

"Babu, Mzee Nyuzi alilisema lile neno. Mimi nililipoteza, halafu nikaogopa kusema, nikaweka uongo mahali pake. Aliyekuaibisha ni mimi, si yeye. Naomba unisamehe."

Mkono wa mzee ukabaki juu ya kitasa. Mzee Nyuzi akasogea, akavua kofia.

"Kishindo, wimbo ni wako. Ulinifundisha wewe, ukiwa umekaa juu ya gunia. Nilijua jana, na najua leo. Nisamehe, ndugu yangu."

Babu Kishindo alimtazama rafiki yake. Alimtazama kwa muda mrefu mpaka Masikio akadhani atawafukuza. Kisha mabega yakamshuka, akavuta kigoda chake na kumsukumia mwenzake.

"Umechelewa miaka arobaini na siku nne," alisema. "Hizo siku nne ni za mtoto huyu, hizo nimemsamehe. Kaa chini, miaka iliyobaki tutaanza kuizungumza mimi na wewe."

Wakaizungumza. Shangazi hakutoa kinasa sauti mpaka wazee wenyewe walipomwita. Safari hii Masikio alikiangalia bila kupepesa jicho, na mwisho aliomba anase maneno yake mwenyewe, ili wasikilizaji wajue nani aliunganisha jibu lile na kwa nini. Sauti ilimtetemeka. Hakukata mtetemo hata mmoja.

Njiani kurudi, shangazi alitembea polepole kwa sababu ya miguu yake.

"Mwanangu," alisema, "kusinzia si kosa. Mashine kukupiga chenga si kosa. Nimewahi kuunguza shuka la mgeni kwa kuchoka, na nikasema, na shuka likabadilishwa. Kosa lako lilianza pale ulipoona ni afadhali kusema uongo kuliko kusema umechoka. Watu wanatupa sauti zao, wanakwenda zao nyumbani, wanatuamini. Tukiwageuzia maneno, tumewaibia kitu wasichoweza kununua kingine. Ungeniambia Jumatano, tungekosa Ijumaa moja. Basi! Nani angekufa?"

"Nilidhani ungeumia. Ijumaa sitini na moja, shangazi."

"Nimezihesabu mno. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba Ijumaa ni kubwa kuliko mtu, na hapo tulikosea wawili." Akasimama apumzike, akashika ukuta wa duka. "Kipindi cha wazee tutakipanga taratibu, na hatukitoi mpaka mimi na wewe na wao wawili tumekisikiliza. Ikichukua wiki tatu, ni wiki tatu. Wasikilizaji tutawaambia ukweli."

"Tutawaambia nini?"

"Kwamba tumechoka."

Masikio alitembea hatua chache. Kisha akalijaribu neno lile kinywani, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile.

"Shangazi, nimechoka."

"Najua, mwanangu. Nipe mkono tuvuke, tukalale."