Nguruwe Asiye na Kitawi

Simu ya kibanda cha msituni ililia. Luteni Gereon Pahlke akainyakua.

"Tanuri," alisema Meja Tillmann kutoka Berlin.

"Mkate," Gereon akajibu kwa neno lao la siri.

"Mzigo ulioibwa unavuka leo. Ukiukosa, kesho Baroni anaapishwa kuwa Naibu wa Kansela, na hapo hata mimi itabidi nimpigie saluti."

"Sitaukosa."

"Gereon, sikiliza. Mzigo kwanza. Ya kaka yako baadaye."

Gereon akakata simu.

Ya kaka yake, eti baadaye. Anselm alikuwa katibu wa Baroni Ottokar von Rehnitz, waziri wa silaha. Mapema mwaka huo, 1917, kiwashio cha kombora la nyambizi kilipotea ofisini kwa Baroni, kikaibukia kwa Waingereza. Baroni alisimama mahakamani na medali zake, mkono juu ya Biblia, akamnyooshea katibu wake kidole. Anselm akapigwa risasi ukutani pale gereza la Spandau. Tangu hapo mama yao akienda kanisani hakuna anayemwitikia salamu.

Mwizi ni Baroni mwenyewe. Gereon alilijua hilo, ila ushahidi hakuwa nao.

Miaka nenda rudi mzee huyo alipanda ngazi kwa wimbo mmoja: Mungu, mfalme na ardhi ya mababu. Mkuu wa wilaya, mbunge wa wahafidhina, waziri. Vita vikaja, Berlin nzima ikala mizizi ya turnipu asubuhi na jioni, yeye akahubiri kujinyima huku shavu likizidi kumvimba.

Leo alikuwa amealika wakubwa wenzake kuwinda katika msitu wake wa Pomerania. Mgeni wa heshima alikuwa Lindqvist, mfanyabiashara kutoka Sweden, mwenye meli inayomngoja bandarini. Gereon alijichanganya na wanavijiji wanaoswaga nguruwe mwitu kwa fimbo na kelele. Chini ya koti alificha bastola, Luger.

Mercedes ya Lindqvist alishaipekua. Hakuna kitu. Mabegi, hakuna kitu.

Baragumu likalia.

Mawindo yamekwisha. Papo hapo kila mwindaji akatoa risasi bundukini, maana baada ya baragumu hakuna bunduki inayobaki na kitu ndani. Nguruwe wakapangwa juu ya matawi ya msonobari, na kila mmoja akawekewa kitawi mdomoni na aliyemuua. Ni chakula chake cha mwisho, heshima ya muuaji kwa mnyama. Wazee wale wangeweza kusahau siku ya kuzaliwa ya wake zao, lakini si hilo.

"Yule mkubwa ni wako, Bwana Lindqvist," alisema Baroni. "Asipasuliwe hapa. Mpishi wako atajua la kufanya."

Gereon akamtazama yule mkubwa.

Mdomo mtupu.

Akaelewa. Nguruwe yule hakuuawa leo. Alichinjwa mapema, akajazwa, akaletwa kulazwa na wenzake. Na mzee aliyekula kiapo cha uongo juu ya Biblia alishindwa kumdanganya nguruwe. Nguruwe ana heshima zake, Anselm hana.

Akajitokeza mbele.

"Bwana Baroni, huyu mbona hana kitawi?"

Wakubwa wakageuka.

"Wewe kijana, nenda kanywe supu na wenzako."

"Nani kamuua?"

"Mimi."

Gereon akavunja kitawi, akamnyooshea. "Basi mpe chake. Mbele ya hawa."

Baroni akakipokea. Akainama. Kitawi kikaishia hewani, kabla ya kufika mdomoni.

"Ottokar, mpe basi," alisema jenerali mmoja mzee, jirani yake. "Unangoja nini?"

Baroni hakuweza. Mkono uligoma.

Mlinzi wake, aliyewinda pamoja nao, akainua bunduki yake ya Mauser na kumlenga Gereon. Akavuta kifyatulio.

Tik.

"Baragumu limeshalia, kaka," Gereon alisema, Luger mkononi. "Yangu ndiyo haijui sheria za kuwinda."

Lindqvist akatimua mbio kuelekea kwenye gari. Risasi moja, tairi likakaa chini. Naye akakaa chini.

Gereon akapasua tumbo la nguruwe kwa kisu. Nyasi kavu. Kitambaa cha mpira. Ndani yake, kiwashio kingine cha shaba chenye muhuri wa jeshi la majini.

Jenerali akakichukua, akausoma muhuri. "Ottokar. Yule katibu wako tuliyempiga risasi?"

Baroni alitazama majani. "Hakujua lolote," alisema polepole.

"Rudia," Gereon alisema. "Kwa sauti. Anselm Pahlke alikuwa kaka yangu."

Akarudia. Wote wakasikia.

"Nimewatumikia wafalme watatu," Baroni akasihi.

"Kauambie ukuta wa Spandau. Ni uleule. Nimeomba usibadilishwe."

Akakichukua kile kitawi mkononi mwa mzee, akamchomekea mdomoni taratibu. Baroni, aliyejua maana yake kuliko yeyote pale, hakukitema.

Gereon akamwashiria jenerali amfunge.

"Mimi naenda kunywa ile supu," alisema, akaondoka bila kugeuka.