Barafu ya Kheri Haitaki Kuganda

Huyu ni Sikitu. Ana miaka sita na pengo moja mbele. Anakaa Tabora, katika nyumba ya rangi ya bluu, pamoja na Mama na mdogo wake, Kheri.

Kheri ana miaka mitatu. Siku nyingine angekuwa anapiga sufuria. Leo amelala tu kwenye mkeka.

Koo linamuuma. Uji hataki. Chai hataki. Hata maji hataki.

"Daktari kasema tumpe vitu vya baridi," alisema Mama. "Asipomeza kitu mpaka jioni, tutamrudisha hospitali. Huenda akalazwa."

Sikitu alishtuka. Kila siku yeye na Kheri hulala kitanda kimoja. Kheri akilazwa, yeye atalala na nani?

Jirani yao, Bi Mwantumu, alileta barafu ya ukwaju. Yeye ana friza, na barafu zake watoto wote wa mtaa wanazijua.

Kheri alilamba kidogo. Ukwaju ukamchoma koo. Akalia, "Waaa!"

"Basi tumtengenezee ya maziwa," alisema Mama. Maziwa yalikuwa kikombe kimoja tu. "Sikitu mwanangu, tia sukari kijiko kimoja, ukoroge."

Kijiko kimoja? Mtu anaumwa namna hii, kijiko kimoja!

Mama alipogeuka, Sikitu akaanza kazi.

"Kijiko hiki kimetoka kwa Mama."
Koroga, koroga. Kwaru, kwaru, kwaru.
Sukari haionekani, lakini imo.

"Hiki kimetoka kwangu, dada yake."
Koroga, koroga. Kwaru, kwaru, kwaru.
Sukari haionekani, lakini imo.

"Hiki kwa Baba, yuko safarini. Hiki kwa Bibi wa Urambo. Hiki kwa paka." Paka hakuulizwa, lakini kijiko chake kikaingia.

Koroga, koroga. Kwaru, kwaru, kwaru.
Sukari haionekani, lakini imo.

Usinicheke nikikwambia vilifika vijiko tisa. Vikubwa!

Sikitu akabeba kikombe kwa mikono miwili, polepole, mpaka kwa Bi Mwantumu.

"Hodi! Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Mimi nami naingiza za ukwaju sasa hivi. Weka chako hapa pembeni."

Mlango wa friza ukafungwa. Pwap!

Sikitu alisubiri. Kusubiri barafu ni kazi ngumu kuliko kufua.

Adhuhuri alirudi. Bi Mwantumu akagonga barafu za ukwaju. Ngo, ngo, ngo! Zimekuwa ngumu.

Sikitu akatikisa kikombe chake. Chwa, chwa, chwa. Bado.

Akarudi nyumbani. Kheri alikuwa amegeukia ukutani. Hakutaka kumeza hata mate.

Sikitu akaenda tena. Chwa, chwa, chwa. Bado!

"Ajabu," alisema Bi Mwantumu. "Kiliingia pamoja na za ukwaju. Hebu nione." Akachovya kidole, akaonja. Macho yakamtoka. "Mh! Sikitu, haya ni maziwa au asali? Umetia vijiko vingapi?"

Sikitu akatazama vidole vyake vya miguu. "Tisa."

"Tisa!"

"Lakini sukari haionekani, Bibi."

"Haionekani, lakini imo," alisema Bi Mwantumu. "Maji yakitaka kuganda, yanashikana, yanakuwa kitu kimoja kigumu. Sukari inapita katikati yake, inayazuia. Ikiwa kidogo, yanashikana tu. Ikiwa nyingi, barafu inagoma."

Sikitu akachukua kijiko. Akajaribu kuichota sukari aitoe. Akachota maziwa. Akachota tena. Maziwa tu.

Akaanza kulia. "Nimemharibia Kheri! Nilitaka ajue tunampenda wote. Sasa atapelekwa hospitali, na maziwa yamekwisha."

Bi Mwantumu akamkumbatia. Alinukia ukwaju. "Hujamharibia mtu, mama. Umependa tu kwa vijiko vikubwa. Sasa kaa, tufikiri."

Sikitu akafuta kamasi. Akafikiri. Akakitazama kile kikombe kimoja chenye sukari ya vikombe vingi.

"Bibi," alisema, "mchuzi ukizidi chumvi, Mama anaongeza maji. Na sisi tuongeze?"

"Ehee!" Bi Mwantumu akapiga makofi. "Sukari huwezi kuitoa, lakini maji unaweza kuyaongeza. Leta yale yaliyochemshwa, kwenye chupa pale."

Wakamimina maji. Kikombe kimoja kikawa viwili. Viwili vikawa vinne. Vinne vikawa sita! Sikitu akaonja. Sasa ilikuwa tamu kidogo tu.

Friza ikafungwa. Pwap! Safari hii Sikitu hakurudi nyumbani. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye friza, akaisikiliza ikinguruma. Nguuu, nguuu.

Jua likaanza kushuka. Mama akaita kutoka uani, "Sikitu! Njoo uvae viatu! Tunampeleka mdogo wako!"

"Mama, subiri kidogo!"

Bi Mwantumu akafungua mlango. Sikitu akanyoosha mkono, akatikisa kikombe.

Kimya.

Akakigonga kwa kijiko. Ngo, ngo, ngo!

Sikitu alikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani.

Alipiga magoti mkekani. Akakwangua barafu, kwaru, kwaru, akaweka chembe ndogo kwenye ulimi wa Kheri.

Kheri akafumba macho. Barafu ikayeyuka.

Gud! Akameza.

Mama aliyekuwa ameshika mkoba akauweka chini. Wote wakamtazama Kheri, pumzi wameibana.

"Tena," alisema Kheri.

Sikitu akampa tena. Na tena. Mama akacheka, machozi yakimtoka, akavua viatu.

Jioni ile hakuna aliyekwenda hospitali. Sikitu na Kheri wakapanda kitandani kwao, na Kheri hakukubali kuacha kikombe.

"Dada," alinong'ona gizani.

"Nini?"

"Na wewe."

Akamsogezea kijiko. Barafu yenyewe ilikuwa imebaki kidogo, tena imeshaanza kuwa maji. Nusu ikamwagikia mto wa kulalia.

Sikitu akailamba. Haikuwa tamu sana. Akaimeza yote, akamvuta mdogo wake karibu, wakalala.