Ufunguo wa Apenisa

Kosa lilianza dogo tu, mstari mmoja kwenye kompyuta ya Litiana, mchana kweupe, mvua ya Suva ikipiga madirisha ya ofisi: Apenisa ameingia.

Apenisa, fundi mwenzake, walikuwa wamemzika mwezi uliopita.

"Mwizi huyo," Rajnesh, bosi wao, alinong'ona. "Si nilikwambia ufute ufunguo wake, dada? Maiti anaripoti kazini?"

"Bosi, usiku wa mia tangu mazishi haujafika. Kwetu vitu vya marehemu havishikwi mpaka mwiko uondolewe. Nywila nimezifunga zote, hakuna anayeingia nazo tena. Nimeuacha ufunguo wake tu, ile faili inayomwingiza bila nywila."

"Yaani nyumba nzima umetia komeo, mlango wa mfu ukauacha wazi!"

Litiana akaangalia Apenisa ameingilia wapi. Ni mtandao wa nyumbani kwake mwenyewe, alikomwacha mwanawe Sakiusa, hata kutambaa hajajua, na mama mkwe.

Akaufuta ufunguo, asijali mwiko wala nini. Lakini kufuta ufunguo hakumtoi aliyekwisha kuingia. Kunamzuia kurudi tu. Jina likabaki pale pale. Harufu ya mafuta ya nazi na mikeka ya msiba ikapanda puani, kisha herufi zikajiandika polepole mbele yao: UMENIFUNGIA HUKU. HUKU NI KWA NANI?

Akapiga simu nyumbani.

"Mtoto yuko, mwanangu," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini. "Anacheka tu na pembe ya chumba. Na mimi sioni mtu."

"Mtoe nje, mama!"

"Hanyanyuliki. Mzito, kama kuna mtu amempakata."

"Mkatie mtandao huyo!" Rajnesh akafoka. "Mkatie sasa hivi!"

Na Litiana, ambaye alijua mfu huombwa kwa kinywaji cha kava na maneno ya wazee, hafukuzwi kama mbwa, aliyajua hayo yote, lakini kicheko cha mwanawe kilikuwa kinapanda kwenye simu, kinapanda, kinakuwa kinene kama cha mwanamume mzima, na vidole vyake vikaandika amri vyenyewe, akabonyeza.

Jina la Apenisa likatoweka.

Kwenye simu kicheko kikakatika katikati.

"Bosi, ametoka," Litiana akasema. "Ametoka!"

"Saki?" mama mkwe alikuwa akiita kule. "Saki, mume wangu? Mbona umekuwa mwepesi hivi, kama hamna mtu ndani?"