Mgeni wa Meza ya Mwaloni

Ilikuwa Jumapili, tarehe 8 Machi 1959, saa kumi alasiri, mambo yalipobadilika nyumbani kwa dada yangu Wamuyu. Kabla ya hapo ilikuwa nyumba kama nyumba nyingine.

Mumewe, Naftaly, alikuwa mwinjilisti. Niliishi nao katika nyumba ya kanisa, nje ya mji wa Nakuru kwenye njia ya Njoro. Wageni hawakukatika, na Wamuyu aliona haya kuwaandalia chai juu ya sanduku. Siku moja kabla, mimi naye tulikwenda mjini kwa fundi Pritam, aliyeuza vyombo vya walowezi waliokuwa wakirudi kwao.

Alikuwa na meza mbili za kuandalia. Moja mpya, ya mvule. Nyingine kuukuu, ya mwaloni, yenye rafu chini na magurudumu madogo ya shaba. Wamuyu aliipindua, akakagua viungo vyake.

"Haina msumari hata mmoja," akasema.

"Mama, chukua hii mpya," Pritam akamwambia. "Hiyo mzee kuliko baba yangu."

"Basi iamkie, fundi!"

Tukacheka sana. Akachagua ile kuukuu.

Kwetu sisi watu wa wokovu, kitu kipya hakitumiwi kabla hakijaombewa. Jumapili hiyo Wamuyu alipanga vikombe, akamimina chai. Naftaly akaweka mikono juu ya meza, akafumba macho.

"Mgeni wetu tusiyekuona, karibu. Kila kitakachowekwa hapa ni chako."

Alikuwa ameomba hivyo mara nyingi mno. Kila mara alianza kwa kumtaja Bwana Yesu. Siku hiyo hakumtaja.

Tukasema amina. Kijiko kikazunguka ndani ya kikombe cha mwisho. Hakuna aliyekigusa.

Tulipotazama, kikombe kilikuwa kitupu.

"Bwana amekuja kwetu," Wamuyu akanong'ona, machozi yakimtoka.

Tangu hapo alimwandalia kila alasiri, kwa furaha, kama anayemhudumia mkwe. Mkate uliisha. Chai iliisha. Mimi nilianza kuogopa, maana sikusikia amani yoyote chumbani mle. Nilisikia njaa, wala haikuwa yangu.

Siku moja alichoka kusimama, akaegemeza kiganja cha kushoto mezani. Alipokiinua kilikuwa baridi. Tukakikanda kwa maji ya moto. Tukakifunga kwa blanketi. Hakikupata joto tena.

Hapo Naftaly akakumbuka maneno yake: kila kitakachowekwa hapa. Uso ukamsawijika.

"Wamuyu, usiiguse tena."

"Baba, nimfukuze mgeni?"

"Huyo si yule tuliyemwita."

Alipiga magoti, akaomba kwa jina la Yesu, akayakana maneno yale moja baada ya jingine. Akasema amina. Kisha kijiko kikazunguka.

Akaenda kuwaita wazee wa kanisa waje waitoe meza. Nilikuwa jikoni nikichochea moto. Wamuyu alikuwa ameketi mbali, karibu na dirisha. Nikasikia akiinuka na kupiga hatua.

"Dada, kizunguzungu," akasema.

Nikakimbia. Alikuwa amekwisha anguka. Kifua chake kilikuwa juu ya meza, na shavu lake pia, kama mtu aliyelala.

Nilimvuta. Hakuwa na joto popote.

Tulimzika nyuma ya kanisa. Wazee waliiburuta meza hadi kwenye ua, wakasema wataichoma mvua ikikatika. Asubuhi yake meza haikuwepo. Katika matope tuliona alama za magurudumu madogo, zimenyooka, kutoka kwenye ua hadi kaburini. Hapakuwa na nyayo za mtu. Alama ziliishia pale udongo mpya ulipoanzia, wala hazikurudi.

Meza yenyewe haijaonekana hadi leo.

Ee Bwana Yesu, leo nakutaja kwa jina lako. Mtafute dada yangu Wamuyu popote alipopelekwa, umtoe huko, umpashe joto. Umketishe, Bwana, na asimwandalie mtu yeyote tena. Amina.